Mguu wa Pili

Kwa karibu miaka thelathini niliyomfahamu Dresa, sikuwahi kumsikia akisema "sijui." Siku aliposema alikuwa ameushika mguu wangu wa kushoto, umelowa maji na mafuta ya nazi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka. Mpaka leo nalikumbuka lile neno, na jinsi alivyolisema polepole bila kuniangalia.

Lakini nikianzia hapo hamtamjua. Acha kwanza akae kwenye kigoda chake.

Dresa ni jina la kazi, la zamani. Kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe aliitwa hivyo mtu wa zahanati aliyeosha vidonda na kuvifunga. Baadaye alikwenda kusoma, akarudi na cheti, akahamishiwa zahanati ya kijiji huko Mazingara, upande wa Handeni. Akawa anavaa koti jeupe na kuandika dawa. Watu hawakujali cheti. Alibaki Dresa mpaka akastaafu, na alipostaafu wagonjwa walimfuata barazani kwake kana kwamba zahanati ndiyo iliyostaafu, yeye bado.

Wagonjwa wenyewe hawakuwa wa kila aina. Wa homa aliwafukuza: "Zahanati iko pale, wana vipimo, mimi nina beseni." Aliwapokea wenye madoa meusi tu. Doa usoni, mgongoni, chini ya kucha, na zaidi ya yote doa la unyayoni. Alikuwa anajua, kabla sisi wengine hatujasikia, kwamba kuna kansa ya ngozi ambayo madaktari huiita melanoma, na kwamba kwa watu weusi kama sisi haipendi kukaa mahali panapoonekana. Inajificha unyayoni, chini ya ukucha, kati ya vidole. Na alijua pia kwamba madoa mengi yanayowatia watu kiwewe siyo yenyewe. Kazi yake yote ilikuwa kuyatenganisha hayo mawili.

Vifaa vyake: beseni la bluu, kipande cha sabuni ya mche, brashi ya kufulia, wembe mpya, kichupa cha mafuta ya nazi, na lenzi ya fundi saa aliyopewa na fundi mmoja wa Korogwe mjini ambaye macho yalikuwa yamemshinda. Hakuna aliyeangaliwa kabla ya kuoshwa. Ungeweza kuja unalia, umebebwa, yeye angesema neno moja, "Sabuni," na kuanza kukunja mikono ya shati. Akishakuosha anakukausha kwa kitambaa, anadondosha tone la mafuta juu ya doa, kisha anainama na ile lenzi imebanwa jichoni. Mafuta, alisema, yanazima mng'ao wa ngozi, ndipo unaona kilicho chini. Sijui nani alimfundisha. Nilipomuuliza alisema, "Mkonge." Sikuelewa mpaka miaka mingi baadaye.

Wakati wa kuangalia alikuwa anauliza, na maswali yalikuwa yale yale. Limekuja lini? Linakua? Lina rangi ngapi? Ukingo wake ni wa duara, au umechorwa na mlevi? Ukijibu "sijui" alikasirika. "Mwili wa nani huu? Wa jirani?"

Niliwahi kuwepo siku alipoletwa mzee mmoja wa Kimasai kutoka mbugani, yuko katikati ya pikipiki, mwanawe mbele na mwingine nyuma. Nyayo zote mbili nyeusi tii. Mmoja wa wanawe alikuwa ametoka mjini na simu yenye picha za kansa. Dresa alimkalisha mzee.

"Wamekuambia nini, mzee wangu?"

"Wanasema nakufa kuanzia chini."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema njaa. Hawa hawajanipa chai tangu asubuhi. Wanagawana ng'ombe tu."

"Baba, hatujagawana," alisema aliyetoka mjini.

"Nimewasikia."

Dresa akaosha. Maji yakawa kama oili chafu ya gereji. Akabadilisha maji, akasugua tena, na chini ya ule weusi ukatoka unyayo wa kawaida wa mzee mchungaji, mgumu, wa kijivu, wenye nyufa. Akaokota kandambili moja ya mzee, zile za tairi, mpya, akapitisha kidole gumba ndani. Kidole kikatoka cheusi.

"Huumwi, mzee. Umekanyagwa na lori, polepole, kila siku."

Yule mzee alizitazama nyayo zake. Halafu akawageukia wanawe. "Haya. Semeni tena nani alipewa yule fahali mwekundu."

Na kulikuwa na mama wa Kwedizinga, mkulima, mwenye vitu vyeusi vilivyoinuka mgongoni na kwenye kipaji cha uso, vya kukwaruza, kama nta ya mshumaa iliyodondokea pale ikaganda. Alikuwa na hakika amerogwa na wifi yake. Dresa aliangalia, akaweka lenzi chini.

"Hivi ni vya umri, mama. Havina neno. Utakuwa navyo na utakuwa na wajukuu."

"Vya umri! Dresa, mimi nimeachisha juzi tu."

"Juzi ya mwaka gani?"

Aliondoka amechukia. Mlangoni alisema maneno ambayo Dresa aliyarudia kwa miaka mingi akicheka mpaka machozi: "Bora ungesema uchawi. Uchawi ningejua wa kugombana naye. Umri nitagombana na nani?"

Hata mimi nilipita mikononi mwake. Nilikuwa kidato cha pili, kwetu Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kituo cha umeme, naye wakati huo bado yuko kwenye zahanati ya mkonge. Niliangusha tofali kwenye kidole gumba cha mguu, nikasahau. Baada ya wiki kadhaa ukucha ukawa mweusi nusu nzima. Mama alinivuta kwa mkono mpaka kwake. Dresa hakunipa dawa. Alichukua wembe akakwangua mstari mwembamba juu ya ukucha, mahali weusi ulipoishia, akaniambia nirudi mwezi unaofuata. Niliporudi, mstari ulikuwa umesogea mbele, na weusi umesogea nao.

"Umeona? Damu iliyovia inasafiri na ukucha. Inaondoka kama wewe, haina kwao. Weusi mbaya hausafiri. Unakaa, unapanuka, unamwagikia ngozi ya pembeni."

Tangu siku ile akaniita Msafiri. Sijui kama aliona mbele au ni mimi niliyeamua kulistahili jina. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka: utingo wa malori, kubeba ufuta, kuchoma mkaa, kuchimba dhahabu vilimani. Sijakaa mahali miaka mitatu mfululizo. Lakini kila nilipopita barabara ya Handeni nilishuka, nikakata kwenda Mazingara, nikakaa barazani kwake siku mbili, nikanywa chai ya mkewe. Kuna watu wana kijiji. Mimi nilikuwa na ile baraza.

Sasa niseme na upande wake mwingine, maana alikuwa mtu wa kukuudhi. Alihubiri usafi lakini alinusa ugoro, na leso yake ya ugoro hakuna ambaye angekubali kuishika. Alichoma watu sindano miaka yote ile, lakini yeye mwenyewe alipougua nimonia alimkimbia nesi akajifungia chooni. Aliwatukana waganga wanaochanja watu chale na kupaka dawa nyeusi, huku yeye akiwa na chale sita kifuani, tatu kila upande, alizochanjwa na mama yake akiwa mchanga. Ukimsuta, alifungua shati. "Hizi ni kitabu changu," alisema. "Nyeusi kuliko kansa, na tangu nizaliwe hazijasogea hata unywele. Tazama, ujifunze weusi unaotulia unafananaje."

Na soksi. Dresa aliosha miguu ya nusu ya wilaya, lakini hakuna aliyewahi kuiona yake. Soksi za kijivu, jua au mvua. Hata msikitini aliingia na soksi. Niliwahi kumuuliza nani anamwangalia yeye.

"Najiangalia mwenyewe."

"Unyayo wako unauonaje mwenyewe, Dresa?"

"Kunywa chai yako."

Mkewe alikuwa mpakaji hina. Kule Hale hakuna bibi harusi aliyeolewa bila kupitia mikononi mwake, na walipohamia Mazingara alipanda mhina uani, ukawa mkubwa, akawa anachuma majani, anaanika, anatwanga. Mwenyewe hakukosa hina. Viganja, kucha, na nyayo zote mbili kuanzia kisigino mpaka vidole, safu juu ya safu, mpaka rangi ikaacha wekundu ikawa nyeusi ya kung'aa. Dresa aliipenda. Mtu yule mkavu, asiyejua kusema neno tamu, niliwahi kumwona anaangalia miguu ya mkewe anapokatisha uani, akasahau alichokuwa akinieleza.

Mkewe alifariki nikiwa mbali. Nilisikia kwa dereva mmoja pale Segera kwamba mke wa Dresa ameondoka, alikuwa na kidonda cha mguu. Nikadhani sukari. Sikufika mazikoni. Ilipita karibu miaka miwili ndipo nikafika, na niseme ukweli, sikwenda kwa ajili ya rambirambi. Nilikwenda kwa sababu ya kisigino changu.

Nilikuwa nimetoka machimboni, nimetembea siku nyingi na raba zilizokwisha. Siku moja nikiosha miguu mtoni niliona kisigino cha kulia kina doa jeusi, dogo kama mbegu za ufuta zilizomwagwa pamoja. Sikuwa nimelala vizuri tangu siku hiyo. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ile mara nyingi mno kuweza kujidanganya.

Nilimkuta kwenye kigoda, amekonda, soksi zake miguuni.

"Shikamoo, Dresa."

"Marahaba, Msafiri. Umekuja kunipa pole au umekuja kuoshwa?"

Niliona aibu. "Vyote."

"Vua."

Wakati anakwenda kuchota maji niliangaza uani. Kulikuwa na kitu kimepungua, nikachelewa kujua ni nini. Halafu nikaona shimo. Mhina haukuwepo. Haukukatwa, ulichimbuliwa na mizizi yake, na udongo haukufukiwa vizuri.

"Mhina umekufa?"

Alipiga magoti, akasugua kisigino changu cha kulia, akakausha, akadondosha mafuta, akainama na lenzi. Kisha akachukua wembe na kuanza kuparua ngozi ngumu juu juu, kidogo kidogo, kama mtu anayemenya kiazi. Ngozi ikatoka, na weusi ukatoka nayo, vijipande vikavu. Mara tatu, mara nne. Pakabaki peupe.

"Damu," alisema. "Umetembea sana, kisigino kimesagwa, vidamu vimevia ndani ya gamba. Nimewaona wengi, hasa wacheza mpira. Nunua viatu."

Nilicheka kwa sauti. Nilihisi mwepesi, kana kwamba nimetuliwa gunia. Nikavaa raba ya kulia, nikafunga kamba, nikaanza kumweleza safari yangu ya Kilindi, kwamba kuna lori linanisubiri Mkata kesho yake.

"Mguu wa pili," alisema.

"Huo hauna kitu, Dresa."

"Sikukuuliza. Vua."

Zamani hakuwa hivyo. Zamani ukileta mguu mmoja, aliangalia mmoja. Nikavua huku nacheka bado. Akaosha. Akapanua vidole kimoja kimoja, na alipofika kati ya kidole kidogo na kinachokifuata, mikono yake ikasimama. Akabadilisha maji. Akaosha tena pale pale kwa sabuni nyingi. Akadondosha mafuta. Alikaa na ile lenzi muda mrefu mpaka mbuzi wa jirani akaja akanywa maji ya beseni, na hakumfukuza.

"Limekuja lini hili?"

"Lipi?"

Nilijikunja, nikaona. Doa la ukubwa wa punje ya mtama, lakini halikubaki na umbo la punje, upande mmoja jeusi, upande mwingine la kahawia, ukingo wake umemwagika kama wino kwenye karatasi mbovu. Mguu wangu mwenyewe. Ningeapa halikuwepo.

"Paruza," nilimwambia. "Paruza kama la kule."

"Hili siliparuzi."

"Ni nini?"

Ndipo aliposema, polepole, bila kuniangalia.

"Sijui."

Nilimtazama kama mtu aliyenitukana. Mtu aliyejua tairi na nta na damu na chale, aliyejua kila aina ya weusi, amefika mguuni kwangu akaishiwa. Nikasema haraka haraka, basi nitapita hospitali nikitoka Kilindi, ni wiki tatu tu, lori linasubiri. Nikanyoosha mkono kuchukua raba ya kushoto. Aliiwahi. Akaiweka kifuani, mikono miwili juu yake, mzee mzima amekumbatia raba mbovu.

"Nipe kiatu, Dresa."

"Kaa."

"Nipe kiatu."

"Alikuja kwangu na mguu mmoja," alisema. "Hapo ulipokaa. Anasema kisigino kinauma. Nikamwosha ule mguu, nikapata mwiba, nikautoa, akafurahi. Nikamwambia lete na wa pili. Akasema, utaniharibia hina yangu, kesho nina harusi Kwedizinga, mpakaji hina gani anakwenda na mguu mmoja mweupe? Nami nikaitazama. Ilikuwa imekolea, inapendeza. Nikamwacha. Miezi inapita, anapaka juu ya ile ya zamani, nami naiona kila siku inakatisha hapa uani. Nyeusi. Mimi, ninayewaambia watu sabuni kwanza. Siku ule mguu ulipoanza kutoa maji ndipo nilipouosha, na tayari mitoki ya pajani ilikuwa imevimba kama mayai. Daktari mjini hakuniuliza kitu. Aliniangalia tu. Anajua kazi yangu."

Yeye aliendelea, sauti ikiwa imeshuka.

"Yule wa kwanza, mkata mkonge, nilimtibu mwiba miezi minane. Mwiba haukuwepo, lilikuwa doa kama hili. Nikasema, basi, sitarudia. Nikajifunza yote hii. Halafu nikarudia nyumbani kwangu."

Kwa hiyo ule mkonge ndio aliokuwa akiniambia. Nilitazama shimo la mhina. Nikaona jembe bado limeegeshwa pale ukutani, limeshika kutu.

Kiatu hakunipa. Alisema kitabaki pale mpaka nilete karatasi ya kipimo, na asubuhi alinipandisha pikipiki nikiwa na kandambili za njano za mkewe, zinanibana, kisigino nje. Lori la Mkata liliondoka bila mimi.

Kwenye hospitali kubwa walikata kinyama kidogo, wakakipeleka kupimwa. Nilingoja wiki nyingi kwa binamu yangu Hale, mimi nisiyejua kungoja, nikisikiliza maji ya mto Pangani. Karatasi ilipotoka, ilikuwa yenyewe. Daktari, binti mdogo kuliko hata mpwa wangu, aliniambia bado ilikuwa juu juu, haijazama, kisha akaniuliza nani aliona. Kidole kidogo kilikatwa na nyama ya pembeni yake. Mitoki walikagua, wakasema haina kitu, ila nitarudi kuangaliwa mara kwa mara. Natembea nikiegemea kidogo upande mmoja. Nilipoona kile kidole hakipo, nilifikiria lori la Mkata.

Wiki iliyopita nilirudi Mazingara kuchukua kiatu. Kilikuwa kwenye rafu ya ndani, kimefuliwa, kimetiwa kamba mpya, kando ya bakuli la udongo alilokuwa mkewe akikorogea hina. Dresa aliisoma karatasi kwa lenzi yake, mstari kwa mstari, akarudia mara tatu. Hakusema hongera. Alisema, "Sabuni," akaniosha miguu yote miwili, akaangalia kila mahali, hata kovu. Nilimrudishia kandambili. Alizipokea, akazipangusa vumbi kwa mkono, akaziweka mlangoni, pamoja, kama mtu yuko ndani.

Halafu akamwaga maji, akachota mengine, akayaweka mbele yangu badala ya mbele yake. Akakaa kwenye kigoda. Akainama, na kwa shida akavuta soksi moja, kisha nyingine. Miguu ilikuwa myembamba, laini kama ya mtoto, imepauka kwa kukosa jua.

"Naogopa, Msafiri," alisema. "Sikuwahi kuwa na mtu wa kuniangalia. Marehemu alitaka, nilimkatalia."

Nikapiga magoti. Nikamwosha kama alivyoniosha mimi, kwa brashi, maji mara mbili. Nikakausha. Mafuta yalinimwagikia, akanifokea. Nikabana lenzi jichoni, na dunia yote ikawa ngozi ya Dresa, mistari yake kama shamba lililolimwa. Kisigino cha kulia. Kisigino cha kushoto. Tao la mguu, moja, la pili.

"Unaona nini?"

"Safi, Dresa. Hakuna kitu."

"Kati ya vidole umeangalia?"

"Bado."

"Basi hujaangalia."